Mwaka wa Pumziko

Kazi ni heshima ya mtu, lakini kazi isiyo na pumziko humgeuza mtu kuwa mtumwa wake. Sheria ya Musa, katika kitabu cha Mambo ya Walawi, iliamuru shamba lilimwe miaka 6, na mwaka wa 7 liachwe lipumzike. Na kilichojiotea mwaka huo kiwe chakula cha mwenye shamba, mtumishi, mgeni na mnyama. Chuo Kikuu cha Harvard, nchini Marekani, kilianza mwaka 1880 kuwapa walimu wake pumziko la namna hiyo. Basi, msomaji, tujiulize: je, ni haki mtu anayetegemewa na wengi kuiacha kazi yake kwa muda, akaenda mbali kuitengeneza roho yake?

Wafugaji wa Kimaasai wa Kajiado wana jibu la sehemu moja ya swali hili. Karibu na boma hutenga malisho yaitwayo olopololi, yasiguswe mpaka kiangazi kitakapobana, yawe akiba ya ndama na wanyama dhaifu. Hapana mtu ayaitaye malisho hayo mavivu. Lakini yana mlinzi, na yana siku ya kufunguliwa. Pumziko lisilo na ulinzi wala mwisho si pumziko, ni utoro.

Sasa mfikirie mwalimu wa Kitengela anayejiandaa kwenda ng'ambo kwa mwaka mmoja. Anaandika katika daftari kazi zake zote: darasa lake, yatima anayemlipia karo, kikongwe anayemsomea barua. Orodha inaporefuka, moyo wake unavimba: nani atayaweza haya yote? Kisha, mstari baada ya mstari, anapatikana mtu wa kushika kila kazi. Hapo, badala ya kufurahi, anahuzunika. Ichunguze huzuni hiyo, maana huenda siku moja ikawa yako. Hakuogopa kwamba kazi itasimama. Aliogopa kwamba haitasimama. Alidhani anawapenda watu, kumbe kwa sehemu alipenda kuhitajiwa nao.

Akifika ugenini, hapana amwitaye Mwalimu. Barabarani yeye ni mgeni tu, amejikunyata ndani ya koti zito. Majuma ya kwanza hujiona kama chombo kilichomwagwa. Ndipo linapomjia swali ambalo Kitengela halikupata nafasi, kwa kuwa kule hodi hubishwa kabla ya jua kuchomoza: mimi ni nani pasipo mtu wa kunihitaji? Umbali haumleti Mungu karibu zaidi, kwani wa ng'ambo ndiye huyo huyo wa Kajiado. Umbali huondoa kelele na cheo, mtu akabaki na nafsi yake. Na akiistahimili nafsi hiyo, hujua kwamba thamani yake ilikuwapo kabla ya kazi yake.

Lakini kwenda ni nusu ya safari. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilipoanzishwa mwaka 1946, upande wake wa kusini ulikuwa wazi kuelekea tambarare za Kitengela. Kwa miaka mingi nyumbu na punda milia walitoka wakati wa mvua kufuata majani, wakarudi wakati wa kiangazi kufuata maji. Tangu miaka ya 1980 ardhi ilipozidi kugawanywa, nyua na nyumba zikaibana njia yao. Binadamu pia aweza kuizuia njia yake ya kurudi, na ua wake ni dharau. Arudiye akilichukia vumbi la kwao, au akimnyang'anya kijana kazi ambayo kijana huyo ameimudu, safari yake haikumfaa kitu.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo, lakini kwa masharti: aondokaye aache walinzi, aitaje siku ya kurudi, na pumziko lake liwalishe wengine, kama mwaka wa 7 ulivyomlisha mtumishi na mgeni. Nawe msomaji, utakapotegemewa, fanya kazi yako kwa bidii. Ila siku utakapolazimika kuiweka chini, iweke bila hofu. Ilikuwa amana mikononi mwako, haikuwa mali yako.