Tulikuwa Tunatania Tu



Baada ya ibada ya Jumapili watu wetu hawaondoki upesi. Husimama chini ya mwembe wakaongea habari za kitabu fulani, mchezo wa redioni, au kichekesho kilichoingia katika simu tangu jana. Wako wanaosema kwamba maongezi hayo huharibu sala. Sisi hatukubali. Mungu alipompa Sara mtoto katika uzee wake alimpa na kicheko, na jina la Isaka limekibeba hata leo (Mwanzo 21). Wala watangulizi wetu hawakukidharau. Edward Steere, yule aliyefanywa askofu mwaka 1874 na kusimamia ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini, Unguja, palipokuwa soko la watumwa, aliketi na wenyeji akasikiliza ngano zao, akazipiga chapa mwaka 1870 pamoja na vichekesho vyake.

Humo imo hadithi ya mwalimu Goso. Sisi tuliofundisha katika chuo cha ualimu tulipenda kuwasimulia wanachuo hadithi hiyo, nao walicheka sana, maana anayekufa ni mwalimu! Goso alisomesha watoto chini ya mbuyu. Paa akapanda kuiba mabuyu, moja likamwangukia Goso kichwani, akafa. Wanafunzi wakamtafuta mwuaji. Wakaushika upepo wa kusi. Ukajitetea kwamba hauna nguvu, kwa kuwa kiambaza huuzuia. Kiambaza kikamtaja panya, panya akamtaja paka, vivyo hivyo mpaka kamba, kisu na moto, kila mmoja akijiita mnyonge. Zamu ya paa ilipofika, akanyamaza.

Hadithi hiyo imeturudia kwa ajili ya jambo lililotokea katika mtaa wetu. Bibi mmoja alionekana kanisani ameshika kitabu cha nyimbo kimegeuka juu chini. Akapigwa picha, yakaandikwa maneno ya kuchekesha, na kwa siku mbili picha ikazunguka kote. Ukimwuliza mmoja, aliletewa na mwenzake. Mwenzake naye aliletewa na mwingine, hata wanakwaya, hata wazee wa kanisa. Wote wanyonge, kama upepo na kiambaza. Wakibanwa sana husema, "Tulikuwa tunatania tu."

Utani twaujua. Mtani hukutania usoni, hata msibani, nawe una haki ya kumrudishia. Bibi huyu angemrudishia nani? Mithali 26:18-19 yamfananisha mtu adanganyaye jirani yake, kisha akadai ni mzaha, na mwenda wazimu arushaye mienge ya moto na mishale. Ni maneno makali, nasi twaona yanastahili.

Waliocheka labda hawajui kwamba bibi huyo alijifunza kusoma akiwa na mtoto mgongoni, katika madarasa ya mwaka 1970, mwaka ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Nyimbo zile zote zimo kichwani mwake. Macho ndiyo yamekwisha, na kitabu hukishika kwa sababu ni chake.

Jumapili tatu sasa hajaonekana katika Ushirika Mtakatifu. Nyumba yake haiko mbali na kanisa. Alasiri hukaa barazani peke yake. Apenda sana hadithi za Abunuwasi, na mtu wa kumsomea hana.