Aliyefika wa Mwisho

Tarehe 20 Oktoba 1968, mjini Mexico, Mtanzania John Stephen Akhwari alianguka katika mbio za marathoni, akaumia goti. Wengine waliacha njiani. Yeye alifungwa bendeji, akachechemea hadi mwisho, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Hakupata medali, lakini hakuutupa mzigo wake.

Sisi je? Deni likibana, mtoto akiugua muda mrefu, wapo akina baba waagao safari wasirejee, na mama huachiwa msalaba wa watu wawili. Taabu iliyokimbiwa haifi. Humwangukia aliye dhaifu zaidi.

Katika Njia ya Msalaba twamwona Bwana akianguka, akiinuka. Basi nasi tukianguka, tupige magoti papo hapo, kisha tuinuke, tuendelee.