Je, Ridhaa ya Mnunuzi Ndiyo Thamani ya Kitu?

Tumeletewa suali na kijana mmoja wa Likoni, nasi twaona lafaa kujibiwa kwa maandishi, kwani si la mtu mmoja wala si la saa peke yake. Kijana huyu alinunua saa ya mkono, katika zile zendazo kwa kamani zisizotiwa betri, kwa shilingi 18,000. Muuzaji ni jirani yake, nao huswali msikiti mmoja. Usoni mwa saa mmeandikwa kuwa ni kazi ya Uswisi. Haikupita juma, saa ikawa yabaki nyuma dakika 5 kila siku. Akavuka feri akaipeleka kwa fundi mjini, na fundi alipoifungua mgongo akamwambia mambo matatu: kuwa mashine imejaa uchafu na mafuta yake yamekauka, kuwa uso ule umepakwa rangi na kuandikwa upya, na kuwa saa mfano wa hiyo hupatikana kwa shilingi 4,000, na ikizidi sana 5,000. Kijana akarudi kwa jirani yake. Jirani akamjibu: "Sikukushika mkono. Uliiona, ukaivaa, ukaridhika. Thamani ya kitu ni ile ambayo mtu amekubali kuitoa." Tangu siku hiyo hawaamkiani, ijapokuwa husimama safu moja.

Hukumu baina ya watu wawili haitolewi kwa kusikiwa mmoja, na kadhi yupo. Sisi tutalizungumza neno la jirani, kwa kuwa ni neno tulisikialo kila siku, Kongowea sokoni, na Changamwe, na katika maduka ya kisiwani, nalo husemwa kana kwamba ni hoja isiyojibika.

Hatukatai kuwa ndani yake mna kweli. Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa ameihalalisha biashara iliyo kwa kuridhiana, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoombwa na watu wa Madina awakatie bei vitu vilipopanda, alikataa. Kwa hivyo hakuna bei ya saa iliyoteremshwa kutoka mbinguni, na mwenye kuuza kwa faida hana lawama. Lakini ridhaa ni sharti ya biashara, na sharti ya kitu si mizani yake. Udhu ni sharti ya Swala. Je, yuko asemaye kuwa aliyekwisha tawadha amekwisha swali? Ridhaa yatuambia kuwa mali haikunyang'anywa. Haituambii kuwa mali imekwenda mahali pake.

Basi thamani ya saa tuitafute wapi? Tuanze katika kazi yake. Saa ni chombo cha kujulia wakati, na kwetu sisi Waislamu wakati si jambo dogo, maana Swala tano zimefungwa nao, na saumu kadhalika. Wanavyuoni wa zamani walilijua hilo. Katika msikiti mkubwa wa Damascus palikuwa na mtu maalumu wa kupima nyakati za Swala, na mmoja wao, Ibn al-Shatir, mwaka 1371 aliutilia mnara wa msikiti ule saa ya jua iliyokuwa ajabu ya zama zake. Hakuifanya iwe pambo la mtu. Aliifanya ili watu wajue adhuhuri imeingia.

Na kwa mizani hiyo ya kazi, jambo la kwanza atakalokutana nalo mnunuzi litamshangaza. Saa ya kamani iliyo nzima, ya daraja ya kati, hukosea kiasi cha nusu dakika kwa siku. Zile za Seiko 5 ambazo watu wengi wa pwani wanazijua, nazo zilianza kutengenezwa mwaka 1963, zilipotiwa mashine iliyotolewa mwaka 1996, watengenezaji wenyewe walisema huweza kubaki nyuma sekunde 20 au kutangulia sekunde 40 kwa siku, nayo isihesabiwe kuwa ni mbovu. Saa za Uswisi zilizopimwa na kupewa shahada hutakiwa zisibaki nyuma zaidi ya sekunde 4 wala zisitangulie zaidi ya 6. Ama saa ya betri, ile iuzwayo kwa mia chache juu ya meza ya mchuuzi karibu na feri, aghalabu hukosea nusu dakika au chini yake kwa mwezi mzima. Fanya hesabu, ewe msomaji. Saa itanguliayo sekunde 30 kwa siku, kwa siku 30 itatangulia robo saa kamili. Mwenye kuivaa mwezi wote wa Shaabani bila ya kuirekebisha, akaingia nayo Ramadhani akaitegemea hiyo tu, atafuturu na jua bado liko juu ya miti.

Saa ya kwanza ya mkono ya namna hii ya betri ilitolewa Tokyo tarehe 25 Desemba 1969, na bei yake ilikuwa yen 450,000, kama bei ya gari dogo. Leo usahihi unaokaribia ule hununuliwa kwa bei ya chakula cha siku moja. Hapa twaona kuwa bei yaweza kuanguka kutoka gari hadi sahani ya wali, na faida ya kitu isianguke pamoja nayo. Asemaye kuwa bei ndiyo thamani atatueleza nini juu ya hilo?

Lau mambo yangekuwa kazi tu, tungesema: nunueni za betri, na makala haya yangekwisha hapa. Lakini si kazi tu. Saa ya kamani ina jambo la pili, nalo ni ufundi. Ndani yake kuna kamani iliyokunjwa, na magurudumu yenye meno madogo, na gurudumu moja liendalo huku na huku, mara 5 au 6 au 8 kwa kila sekunde. Hayo mapigo 5 kwa sekunde ni mapigo 432,000 kwa siku. Kitu chenye kufanya kazi hiyo miaka kwa miaka bila ya moto wala umeme, na kikichoka kikafunguliwa, kikasafishwa, kikatiwa mafuta, kikarudi kama kilivyokuwa, kina haki ya kulipiwa. Saa ya betri ya mia chache ikifa hutupwa. Hakuna fundi atakayepoteza asubuhi yake kwayo. Saa ya kamani iliyo nzuri huweza kurithiwa. Kwa hivyo hatumlaumu mtu mwenye uwezo akitoa mali yake kununua kazi njema ya mikono ya binaadamu, kama vile hatumlaumu anunuaye mlango wa mvule ulionakishiwa na hali mlango wa mbao nyepesi ungemfungia nyumba vile vile.

Ila ufundi nao una uwongo wake. Wauzaji hupenda kusema, "Saa hii ina vito 21," na mnunuzi akisikia vito hudhani ni johari za kuvaliwa na malkia. Vito hivyo ni vijiwe vyekundu ambavyo ncha za magurudumu huzungukia ndani yake zisilike upesi. Tangu mwaka 1902 vyatengenezwa kwa moto viwandani, na bei yake ni ndogo mno. Saa ya kutiwa ufunguo kwa mkono hutoshwa na vito 17. Ile yenye kujitia ufunguo kwa mwendo wa mkono huongezwa vichache. Katika miaka ya 1960 walikuwako watengenezaji waliojaza saa zao vito hata 100, vingi vyao havikuwa na kazi yoyote, wakijua kuwa mtu wa sokoni huhesabu wala haulizi.

Jambo la tatu ni jina, na hapa ndipo penye mtihani. Wako wasemao kuwa kulipia jina ni upumbavu mtupu. Sisi hatusemi hivyo. Jina jema ni amana iliyokusanywa kwa miaka mingi ya kutodanganya, na mtu asiyejua kufungua saa akalitegemea, amelipia ushahidi. Hilo ni jambo la akili. Lakini ushahidi una kikomo chake. Ukisha hakikisha kuwa saa ni madhubuti, na kuwa itatengenezeka, bei ikizidi hapo mara 10 au mara 100, ziada hiyo yalipia nini? Mara nyingi yalipia macho ya watu. Na dalili yake ni nyepesi: mwambie mnunuzi ataivaa saa hiyo chini ya mkono wa kanzu isionekane na yeyote, kisha umuulize atatoa ngapi. Kiasi atakachotaja ndicho alichokuwa akinunua saa. Kilichobaki alikuwa akinunua kitu chengine, na kitu hicho Shari'a ina jina lake.

Hata maandishi ya usoni hayatoshi. Tangu tarehe 1 Januari 2017 sheria ya Uswisi yataka angalau asilimia 60 ya gharama za kuitengeneza saa iwe imefanywa nchini mwao ndipo iitwe ya kwao. Kwa hivyo hata iliyo ya haki huenda ina vipande vya nchi nyingine. Ama iliyoghushiwa ni wino tu, na wino haumkatalii yeyote.

Sasa turudi kwa jirani na neno lake. Vitabu vya fikihi ya madhehebu yetu ya Shafi vina mfano ambao kila mwanafunzi ameupitia: mtu ameona kipande cha kioo akadhani ni johari, akakinunua kwa bei ya johari. Je, ana khiyari ya kukirudisha? Wanavyuoni wetu wamejibu kuwa hana, kwa kuwa amefuata dhana yake wala hakuuliza wenye kujua. Jirani angeusikia mfano huu angefurahi, na pengine ameusikia. Lakini na asome ukurasa wote. Hukumu ile ni ya muuzaji aliyenyamaza na kitu kikaonekana kilivyo. Akikisifu kuwa ni johari na hali ni kioo, au akakifanyia jambo kikaonekana sicho, hiyo ni hila, na kitu kina aibu iliyofichwa. Mnunuzi ana haki ya kukirudisha na kuchukua mali yake, maadamu ameirudisha mara tu alipoigundua aibu. Uso uliopakwa rangi ukaandikwa jina si kama nafaka iliyoloweshwa chini na kukaushwa juu? Na Mtume alipotia mkono katika chungu ya nafaka sokoni akakuta maji, alimwambia mwenyewe kwa nini hakuyaweka juu watu wayaone, na akajitenga na kila mwenye kughushi. Ikiwa jirani aliipaka rangi, au alijua kuwa imepakwa akanyamaza, basi ridhaa ya kijana ilikuwa ridhaa ya kitu kingine. Na ikiwa hakujua, aliuza kwa sifa ambayo haikuwamo, na kurudisha ni haki vile vile.

Tuchukue kuwa hakuna rangi wala maandishi ya uwongo. Saa ni ile ile iliyosemwa, ila imeuzwa 18,000 na thamani yake ni 5,000. Hapo kadhi wa madhehebu yetu hatamlazimisha muuzaji kitu. Je, mambo yamekwisha? Imam Ghazali, katika mlango wa adabu za uchumi katika Ihyaa, ametaja kisa cha Yunus bin Ubaid, mfanyabiashara wa Basra. Alikuwa na nguo za dirham 400 na nyingine za 200. Akaenda kuswali akamwacha mtoto wa nduguye dukani. Akaja bedui akataka nguo ya 400. Kijana akamtolea ile ya 200, bedui akaipenda, akatoa 400 akenda zake. Yunus akakutana naye njiani, akaitambua nguo, akamuuliza ameinunua kwa ngapi, kisha akamwambia haizidi 200, arudi. Bedui akasema kwao ni 500, naye ameridhika. Yunus hakukubali mpaka amemrudisha dukani na kumpa 200 zake. Kisha akamgombeza kijana, na kijana akajitetea kwa hoja hii hii ya jirani wa Likoni: kuwa bedui hakuichukua ila kwa kuridhika. Yunus akamuuliza kwa nini basi hakumridhia mwenziwe anachokiridhia kwa nafsi yake.

Tazama kuwa bedui hakulalamika. Hakuna aliyekwenda kwa kadhi. Ridhaa ilikuwa imetimia pande zote mbili, na bado Yunus aliona kuna deni, kwa kuwa yeye alijua na mwenziwe hakujua. Ujuzi wa muuzaji ndio ulioleta wajibu. Jirani asemaye "thamani ni ile mtu aliyokubali" huwa amekwisha jua thamani nyingine, ile aliyonunulia yeye, na ndiyo maana hakuitaja.

Mnunuzi naye tusimwache. Likoni, Kisauni na Changamwe tumeona vijana wakivaa saa ya mishahara miwili, na dukani kwa mtaa daftari la deni limewangoja tangu mfungo mosi. Mwenye deni lililokwisha fika hana ruhusa ya kucheza na mali ya watu mkononi mwake. Na aliye na uwezo na aulize kabla ya kutoa: mashine ya ndani ni ya nani, nayo ni ya asili ya saa hii au imetolewa katika nyingine; uso umepakwa upya; fundi gani mjini ataifungua, na vipande vyake hupatikana. Aiweke sawa na saa ya redio, aivae siku moja na usiku wake, aitazame tena. Aandikiane na muuzaji kuwa ataweza kuirudisha kwa siku 3, na sharti hiyo madhehebu yetu yaikubali. Tena aongeze katika bei gharama ya kuisafisha kila baada ya miaka 5 hivi, maana saa ya kamani isiyosafishwa hula vyuma vyake yenyewe. Muuzaji atakayekasirika kwa maswali haya amekwisha jibu.

Kijana ametuuliza pia juu ya saa iliyochovywa dhahabu. Dhahabu ni haramu kwa mwanamume kuivaa. Iliyochovywa, ikiwa yatiwa motoni ikatoka dhahabu ya kuonekana, ni haramu kwake pia. Ikiwa ni rangi tu isiyotoka kitu, yafaa kuvaliwa, na muuzaji hana haki ya kuiuza kwa jina la dhahabu.