Inuka Uende Mkutanoni

Wapendwa, fungueni kitabu cha Nehemia, sura ya 3. Wengi huiruka kwa sababu imejaa majina: huyu mwana wa yule, na baada yake fulani. Nawasihi muisome polepole. Ukuta wa Yerusalemu umebomoka, malango yameteketea kwa moto, na mwandishi haoni jambo kubwa zaidi la kutuachia kuliko kumbukumbu ya nani alisimama wapi siku ya kazi. Wafua dhahabu wamo. Watengeneza manukato wamo. Makuhani wamo. Shalumu, mkuu wa nusu ya mtaa wa Yerusalemu, amekuja na binti zake. Na mara kwa mara tunaambiwa kwamba mtu alijenga kipande kilichoelekea nyumba yake mwenyewe. Kisha linakuja neno chungu la Tekoa. Watu wa kawaida wa Tekoa walijenga, lakini wakuu wao walikataa kuinamisha shingo kwa kazi ile. Wameingia kwenye Maandiko bila hata jina moja.

Nawauliza ninyi wa Mbagala, Tandika, Keko na Chamazi. Nawauliza ninyi wa Tandale, Mwananyamala, Hananasif, Kunduchi na Bunju. Gari la matangazo lilipopita na kipaza sauti, likatangaza mkutano wa mtaa, mlikuwa wapi? Ulisikia. Ulisema mwenyekiti ana maneno yake, ukageukia upande wa pili. Saa ile ile, chini ya mwembe au kwenye uwanja wa shule, watu wachache walikaa kwenye mabenchi wakazungumza barabara ipite wapi, kizimba cha taka kikae wapi, na lile eneo la wazi wanakochezea watoto lifanywe nini. Mtendaji akaandika muhtasari: wananchi waliridhia. Wananchi ni wewe! Umeridhia ukiwa umekaa kibarazani kwako, na siku greda litakapofika hutakuwa na pa kushika.

Katiba yetu haikukuacha mtupu. Ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki kikamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu yeye, maisha yake au taifa lake. Ibara ya 146 inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Madaraka hayo yanaletwa mpaka mlangoni, na sisi hatufungui. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 nayo inaitaka mamlaka ya upangaji izungumze na wenye ardhi na umma kabla mpango haujakamilika. Jirani akitaka kugeuza kiwanja cha makazi kuwa baa au kituo cha mafuta, bango linapigiliwa mahali penyewe ili wewe useme. Umepita pale asubuhi na jioni. Umelisoma? Umeandika barua kwa mkurugenzi wa manispaa?

Msinijibu kwamba sauti ya wanyonge haisikiki. Kumbukeni Tabata. Jiji lilikuwa linamwaga taka katikati ya watu, moshi ukifuka usiku na mchana, watoto wakikohoa. Mwaka 1988 wakazi walikwenda Mahakama Kuu, na mahakama ikaliamuru jiji liache. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani, tena mahali penye makazi. Watu wa Kunduchi hawakukaa kulalamikia vijiweni. Walikusanyana, na mwaka 1991 shauri likafunguliwa kwa jina la mmoja wao na wenzake 794. Fikirini kazi ya kukusanya majina 795: kubisha hodi nyumba kwa nyumba, kueleza, kurudi tena kwa aliyesitasita. Wakashinda. Nasimama hapa nikisema kwamba ule ulikuwa ukuta wa Yerusalemu umejengwa Kinondoni, na waliojenga walikuwa wakazi.

Na kumbukeni Hananasif. Miaka ya 1990 mtaa ule ulikuwa unazama kila masika. Wakazi waliunda chama chao, wakasaidiwa na Shirika la Kazi Duniani na wataalamu, wakaingia mkataba wa kujenga wao wenyewe mitaro ya maji ya mvua na barabara za mtaa. Wanaume kwa wanawake walishika sururu na kulipwa kwa kazi ya kuokoa nyumba zao. Lakini kabla ya sururu kulikuwa na vikao, vingi na virefu, vya kugombana na kupatana: mfereji upite kwa nani, nani apunguze uzio wake. Hakuna mfereji uliochimbwa kabla ya maneno yale kumalizika. Vijana wangu mnaotaka maendeleo ya haraka, jueni kwamba vikao vile ndivyo vilivyokuwa msingi.

Temeke pia mna ushuhuda. Familia za Kurasini zilipoondolewa kupisha upanuzi wa bandari, baadhi yao walikuwa wapangaji wasio na fidia ya kutegemea. Vikundi vyao vya kuweka akiba vilikaa, vikachangishana, vikanunua shamba Chamazi na kuanza kujenga nyumba zao. Walianza na shilingi ndogondogo na daftari la mahudhurio.

Sasa tuseme yale yanayouma. Desemba 2011 mvua ilinyesha Dar es Salaam kwa namna ambayo haikuonekana tangu 1954. Mto Msimbazi ulivunja kingo, watu zaidi ya 40 wakafa, na baadhi ya waliookolewa wakapelekwa Mabwepande. Desemba 2015 yakaja mabuldoza Mkwajuni, kwenye kuta zilizochorwa alama nyekundu ya X. Nililia na waliobomolewa, na bado nalia. Lakini nani alimuuzia maskini kiwanja kile bondeni? Mashahidi wa mauziano walikuwa nani? Ni mtaa gani uliokaa ukamwona mgeni anaingiza matofali kwenye njia ya maji, usiseme neno, ukachukua chakula alipopika siku ya kuhamia? Kunyamaza kwetu kulikuwa sehemu ya bei aliyolipa.

Torati inamlaani mtu anayehamisha alama ya mpaka wa jirani yake. Isaya anawatangazia ole wanaounganisha nyumba na nyumba mpaka nafasi inakwisha. Nani kati yetu hajaona uzio ukisogea mita moja mwaka huu, mita nyingine mwaka ujao, mpaka njia iliyopitisha gari ikawa kichochoro? Gari la zimamoto halipiti. Gari la kunyonya vyoo halipiti. Mama mwenye uchungu anabebwa kwenye kiti mpaka barabarani. Tunaposindikiza marehemu, wabebaji wanalaza jeneza ubavu ili lipenye kati ya kuta mbili, na mwenye ukuta yuko kwenye msafara akiimba nasi. Ndugu yangu, ukirudi kutoka makaburini, vunja ukuta ule! Usingoje manispaa. Usingoje toba ya mwaka mpya.

Na wewe unayesubiri mvua ikolee usiku ndipo utapishe choo chako, ukijua kinakwenda kwenye kisima cha jirani, usije ukainua mikono mitakatifu mbele za Mungu siku ya Jumapili. Agosti 2015 kipindupindu kililipuka Kinondoni kikasambaa mikoani. Wewe unayetupa mfuko wa taka mtaroni kwa sababu mtaro si wako, maji hayaulizi mwenyewe ni nani. Majirani zetu Waislamu wamefundishwa na Mtume wao kwamba kuondoa chenye kudhuru njiani ni tawi la imani. Msikitini na kanisani tunafundishwa jambo moja, tukitoka tunaruka dimbwi lile lile, na kila mmoja anamwachia mwenzake.

Jiji hili liliandikiwa mpango kabambe mwaka 1949, likaandikiwa mwingine 1968, na mwingine 1979. Ule wa 1979 ulikusudiwa kwa miaka 20. Baada ya hapo jiji lilikua kwa muda mrefu likitangulia ramani yake. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huu. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Zaidi ya milioni moja wameongezeka katika miaka kumi, na wengi wao hawakushukia Posta wala Upanga. Wako Chamazi, wako Bunju, wako huko ambako shamba la mihogo linageuka mtaa kabla mpimaji hajafika. Huko ndiko bado kuna nafasi ya kuacha barabara, nafasi ya shule, nafasi ya zahanati na ya makaburi. Kamati ya urasimishaji wa makazi ikiwaita na kuomba kila mmoja atoe kipande cha kiwanja chake kwa ajili ya njia, toeni. Toeni mkiwa na moyo mweupe, na simameni kuhakikisha aliye na nyumba ya ghorofa ametoa kama alivyotoa mjane.

Kwenu wenyeviti na watendaji nasema kwa heshima, na nasema kwa sauti. Msiitishe mkutano saa ambayo mama lishe yuko jikoni na kibarua yuko kazini, halafu mkaandika kwamba watu hawakuja. Msisomewe lawama mkakasirika. Mapato na matumizi yabandikwe ukutani, kwa herufi ambazo bibi anaweza kuzisoma. Nehemia aliposikia kilio cha watu walioweka rehani mashamba na nyumba zao ili wale, aliitisha kusanyiko kubwa, akawakemea wakuu mbele ya watu wote, na wakuu wakarudisha. Hakuwaita pembeni. Yeye mwenyewe alikuwa liwali kwa miaka 12 na hakula posho ya uliwali, kwa sababu mzigo ulikuwa mzito juu ya watu. Someni sura ya 5 kabla ya kikao chenu kijacho.

Nawe mkazi, ukifika mkutanoni usikae nyuma karibu na njia ya kutokea. Ombeni muhtasari uliopita usomwe. Ikifika ajenda ya yatokanayo, simama: mlisema mtaro utazibuliwa kabla ya masika, umezibuliwa? Mlisema eneo la wazi litawekewa mipaka, mipaka iko wapi? Usingoje mengineyo, jua likiwa limezama na watu wanakung'uta vumbi. Uliza kwa adabu, kaa, sikiliza jibu, andika. Mkutano ujao uliza tena.

Nimewaacha mwisho wapangaji, nanyi ni wengi kuliko wenye nyumba katika mitaa mingi. Mnasema, mimi mpangaji tu, hayanihusu. Nani amekuambia? Mkutano wa mtaa ni wa wakazi wote waliofikia miaka 18. Hauulizi hati ya nyumba. Tarehe 27 Novemba 2024 ulikuwa na haki ya kupiga kura ya mwenyekiti sawasawa na mwenye nyumba wako, na haki hiyo haikuisha siku ile. Maji yanapoingia, yanaanza kwenye chumba chako cha uani. Mwanao ndiye anayevuka barabara isiyo na tuta. Chukua kiti chako cha plastiki, mwite mpangaji wa chumba cha pili, mwiteni na wa tatu, mwende mkaandike majina yenu kwenye daftari la mahudhurio.