Sitara ya Mgonjwa

Juma lililopita, baada ya sala ya alasiri, tulikuwa barazani hapa Majengo tukinywa kahawa, ndipo bwana mmoja, mtu wa makamo mwenye kusikilizwa, aliponena kwamba wauguzi wa zama hizi wamejaa kiburi: kuchoma sindano wanajua, kuandika faili wanajua, lakini kumwogesha mgonjwa huwaachia jamaa zake. Wote wakaafiki. Mimi nikanyamaza, na kimya changu kile kinanikereketa hata leo.

Maana nilikwisha kukesha katika wodi ya wanaume, katika hospitali nisiyokusudia kuitaja, nikimuuguza jirani yangu, mzee aliyepigwa na kiharusi upande wa kulia. Alfajiri alikuja muuguzi, binti aliyekuwa peke yake kwa wodi nzima usiku kucha. "Shikamoo, babu." Mzee akaitika marahaba kwa ulimi mzito, ila alipoliona beseni, alilikamata shuka kwa mkono mmoja uliosalia na nguvu, akageuzia uso ukutani, na chozi likamtoka. Kitanda hakikuwa na pazia. Binti hakukaripia wala hakuondoka. Alizitwaa kanga mbili alizoziacha mke wa mzee, akazitundika kuwa sitara, kisha akaanza na uso, akifunua kiungo kimoja na kukisitiri kabla ya kufunua kingine, huku akiuliza habari za uwele na mtama wa mwaka huu. Tulipomlaza ubavu, alipapasa nyonga na visigino taratibu, akanieleza kuwa kidonda cha kulalia huanza kabla ngozi haijachubuka, na kwamba katika ngozi nyeusi kama zetu wekundu hauonekani upesi, hivyo hutafutwa joto na ugumu. Kisigino kimoja kilikuwa na joto. Akasema mzee yafaa ageuzwe kila baada ya saa mbili, akatazama safu ya vitanda, asiendelee.

Nani basi ataniambia kuwa kuogesha ni kazi duni? Rufaida, aliyewauguza majeruhi wa vita vya Khandaki katika hema lake huko Madina mwaka 627, hakudhalilika kwa kugusa damu na jasho la watu.

Utanijibu kuwa jamaa ndio wenye haki ya kumwogesha mzee wao, na kwamba hiyo ndiyo desturi yetu na ndimo radhi zilimo. Nusu nakukubalia: mke wa mzee angemwosha kwa huba isiyonunuliwa kwa mshahara. Lakini joto la kisigino asingelitambua. Na aliyeletwa kutoka Mpwapwa au Kongwa bila jamaa ataogeshwa na nani? Sijui wengine wanaonaje. Mimi naona twaisifu desturi ili tusiulize kwa nini binti mmoja amekabidhiwa wodi nzima, ilhali dawa ya jambo hili ni wauguzi kuajiriwa wa kutosha, wanaume kwa wanawake, ili mzee naye aulizwe ataka kuoshwa na nani, na kila kitanda kipate pazia, kitu ambacho fundi cherehani yeyote wa sokoni hapa angekishona kwa siku moja.

Jana nilimkuta yule bwana palepale barazani, nikamwuliza kama amewahi kumgeuza peke yake mtu mzima aliyepooza. Akaniagizia kahawa.