Gauni la Mashati Mawili

Kuna ushauri nilimpa msichana mmoja wa kikundi chetu, na mpaka leo sijui kama nilimsaidia au nilimharibia. Kuna na msichana wa pili. Kwa huyo wa pili najua.

Wakaaji wa Kakuma hili wanalijua, wageni pengine hawalijui: mitumba ina madaraja. Zile nguo safi za kuchaguliwa kwanza, wachuuzi wanaziita kamera. Zikishapita mikono ya wote inabaki fagia, yaani masalio: koti zito la nchi ya theluji, shati la mwanaume mnene lililoisha kola, suruali bila zipu. Nani atavaa koti la theluji hapa Turkana? Lakini ukilifumua unakuta ndani bitana laini inayotosha sketi. Kikundi chetu cha Jumamosi kinaishi kwa fagia. Tuna cherehani moja ya miguu, mikasi miwili na pasi ya makaa ambayo kila mtu anaiogopa kwa sababu inatema cheche.

Msichana wa kwanza ana miaka 17. Alinunua mashati mawili makubwa ya kiume, moja la mistari ya buluu, lingine jeupe. Akayafumua kwa wembe, mshono kwa mshono, hata uzi akauzungushia kijiti ili autumie tena. La mistari likawa sketi, jeupe likawa kifua, mikono ikatoa mifuko na mkanda. Vifungo akavipeleka mgongoni. Kazi ya wiki tatu. Alipolivaa kanisani watu walimuuliza ni ndugu gani amemtumia kutoka Marekani.

Sasa, shirika moja likaja kutafuta vijana wa kufundishwa ufundi. Nafasi zilikuwa 10, majina yalizidi 40. Walipita nyumba kwa nyumba, na mimi nilikuwa mkalimani wao, kazi ya insentivu. Jioni ya kuamkia ziara nilipita kwao msichana nikamwambia:

“Kesho usivae lile gauni.”

“Kwa nini, yaya?” (Kwetu Kivu yaya ni kaka au dada mkubwa, si mlezi wa watoto kama Nairobi.)

“Wataona huna shida.”

“Kwa hiyo nijifanye maskini?”

“Kwani wewe si maskini?”

“Ni maskini. Ndiyo maana nilishona.”

Sikuwa na jibu. Kesho yake alivaa fulana iliyotoboka begani, akapata nafasi.

Msichana wa pili naye ni wa kikundi hichohicho, na hali ya kwao naijua, haina tofauti. Kwake sikupita. Wanakaa ng’ambo ya laga na giza lilikuwa limeshaingia. Akatoka kutupokea na sketi yake ya bitana, imenyooshwa vizuri. Mgeni alitabasamu, akaniambia kwa Kiingereza kwamba huyu anaonekana anajiweza. Nilikuwa pale kutafsiri, na hilo sikulitafsiri. Dakika kumi tu, tukaenda nyumba nyingine.

Nimejiuliza sana nani alidanganya. Mtu akiazima tai aende kwenye usaili, hatumwiti mwongo. Kinshasa kuna wale sapeur, mtu anaweza kulala njaa lakini viatu vinang’aa. Wazee wanawacheka, ila hakuna anayesema wametuibia. Basi kwa nini kujipandisha kwa nguo kusamehewe na kujishusha kuwe kosa? Rafiki yangu mmoja anasema si kosa, siku ya ziara kila nyumba inaficha kitu, hata redio. Namwelewa. Mwenye watoto wa kulisha simhubirii.

Lakini fulana ile ilikuwa yake kweli, na shida ilikuwa yake kweli. Uongo siuoni hapo. Ninachokiona ni kwamba mimi, ninayewaambia vijana kila Jumamosi kwamba mikono yao ina thamani, nilimfundisha mmoja wao kuificha kazi ya mikono hiyo kama kitu cha wizi. Tena nafasi zilikuwa 10. Nilichomnong’oneza mmoja kilitoka kwenye fungu la mwingine.

Wageni siwezi kuwatupia lawama zote. Ukipewa dakika kumi na majina zaidi ya 40, utatumia macho. Ila kulikuwa na swali dogo, “Sketi hii umeitoa wapi?”, na lingeleta hadithi nzima ya fagia na wembe. Wao hawakuliuliza. Mimi niliyekuwa na jibu nilikuwa nimesimama palepale, na kalamu mkononi.

Kabla ya kuandika haya niliwaomba ruhusa wote wawili. Wa kwanza alisema andika, usitaje jina. Wa pili nilimkuta anafumua koti. Nikamweleza kila kitu, na kwamba nimepeleka jina lake upya pamoja na maelezo, ingawa bado hatujajibiwa. Hakuacha kufumua. Baadaye akauliza:

“Na wewe siku ile ulivaa nini?”

Nilivaa kizibao cha shirika. Ndani yake shati langu jeupe, lile ambalo kola yake ilichakaa na yeye ndiye aliyeigeuza.