Ndovu Asiyetazamwa

Katika Makumbusho ya Lamu imo siwa ya Pate, ndefu kuliko mtu, iliyochongwa kwa pembe za ndovu na kupulizwa kwa tundu la ubavuni. Sherehe za wakubwa zilinogeshwa kwa mlio wake. Ndovu aliyetoa pembe hizo hakuwa na sehemu katika heshima hiyo. Siku hizi thamani ya ndovu imehama kutoka kwenye pembe hadi kwenye macho ya mgeni, anayelipa ili amwone akiwa hai, na tunaambiwa hiyo ndiyo sababu ya kumhifadhi. Ni hatua kubwa, wala siibezi. Ila kipimo ni kile kile, yaani faida ya binadamu, na kipimo hicho hukwama mara tu ukivuka mkondo wa Mkanda kwenda bara. Huko, hifadhi ya Dodori na jirani yake Boni zilitangazwa mwaka 1976, lakini watalii ni nadra, hasa tangu operesheni ya usalama ya Linda Boni ilipoanza mwaka 2015. Kamera zilizotegwa msituni humo zimemnasa paa nunga, mnyama mdogo mwekundu mwekundu mwenye mkanda mweupe makalioni na madoa meupe miguuni, ambaye wengi humjua kwa Zanzibar. Ikiwa thamani huletwa na mtazamaji, basi paa huyu hakuwa na thamani yoyote mpaka kamera ilipofyatuka. Sidhani yupo anayeamini hivyo kwa dhati. Aya ya 38 ya Suratul An'am inawahesabu wanyama na ndege kuwa umma kama sisi, bila kuweka sharti kwamba kwanza tuwaone.

Atasema mtu: viumbe vyote vimetiishwa kwa ajili yetu. Naam, lakini kutiishiwa si kumilikishwa. Wanafalsafa wa Basra walioitwa Ikhwan al-Safa, katika karne ya 10, walitunga kisa ambamo wanyama wanamshtaki mwanadamu mbele ya mfalme wa majini, tena kisiwani. Mwanadamu anashinda, lakini hoja inayomwokoa ni ya Akhera. Nguvu na akili anazojivunia zinajibiwa moja baada ya moja.

Pingamizi zito zaidi ni la Waaweer, wawindaji na warina asali wa msitu wa Boni, ambao marufuku ya uwindaji ya mwaka 1977 iliwanyima kitoweo. Kama marufuku ile ilikuwa kwa ajili ya macho ya wageni, basi ni dhuluma tupu: huyu alale njaa ili yule apige picha. Inaweza kutetewa tu ikiwa mnyama mwenyewe ana haki, na hata hivyo mzigo wa kuilinda ni wetu sote, kwa hiyo Mwaweer anaidai serikali riziki aliyoiacha, watalii waje wasije.